Dari Ilipendwa Mtandaoni, Ikashuka Kabla ya Krismasi

Video yenyewe ilikuwa ya sekunde 38 tu. Inaanzia mlangoni, kamera inapanda juu taratibu, halafu sebule nzima inawaka: dari nyeupe ya jipsamu yenye ngazi mbili, duara katikati, taa za ukanda zinahama kutoka bluu kwenda zambarau, na amapiano inagonga kwa nyuma. Jamaa aliiposti Ijumaa usiku, Agosti 2023, akaandika chini yake: "Buswelu, Mwanza. Kazi ya mkono wangu. Inboksi ipo wazi." Mpaka Jumapili jioni ilikuwa imetazamwa mara 11,000 na ushee. Kwa kijana wa miaka 27 ambaye miaka minne nyuma alikuwa saidia fundi, anapandisha mifuko ya saruji kwenye vilima vya mawe vya Kitangiri kwa kulipwa kwa siku, hiyo ilikuwa sawa na kushinda jekipoti.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakikuingia kwenye video. Sentimita 80. Hakuna aliyeziona, na hakuna aliyeziulizia.

Waliokulia Ilemela wanajua kwamba dari haikuwa kitu cha kila mtu. Mtu anajenga, anapaua, anahamia, halafu anaishi anatazamana na bati miaka kumi. Mchana chumba kinachemka, mvua ikinyesha hata simu husikii. Waliojiweza walipiga siling bodi na vibanzi vya mbao kwenye maungio, na baada ya miaka miwili popo wamehamia juu na michirizi ya kahawia imechora ramani. Manispaa ilipojitenga na jiji mwaka 2012 na makao yake yakawa Buswelu, viwanja vikaanza kupata nyumba mfululizo, Kiseke, Nyasaka, Nyamhongolo huko, na mambo yakabadilika. Sasa hivi mtu anaweza akakosa kochi lakini juu kuna taa 16. Mgeni akiingia anaangalia juu kwanza, ndio anasalimia.

Na jipsamu ni ngozi tu, mifupa iko ndani. Zamani mifupa hiyo ilikuwa mbao mbili kwa mbili, mafundi wanaita blandaring. Kwa Mwanza mbao zinakuja kwa lori kutoka Sao Hill kule Mafinga, na nyingine zinatoka karibu, msitu wa Rubya kisiwani Ukerewe au Buhindi upande wa Buchosa. Shida ya mbao ni mbili. Ya kwanza ni mchwa, hiyo haihitaji maelezo. Ya pili ni haraka ya watu: mbao inafika sokoni mbichi, inapigiliwa mbichi, halafu inakaukia juu ya dari. Ikikauka inajipinda, na ikijipinda inaondoka na jipsamu. Ule ufa ulionyooka kama umechorwa kwa rula katikati ya sebule ya shangazi yako, mara nyingi chanzo chake ni hicho.

Ndipo vikaja vyuma. Chaneli nyembamba za bati lililopakwa zinki, zimekunjwa kiwandani ili zipate ugumu, urefu mita 3 au zaidi kidogo. Mtu mmoja anabeba kumi begani na simu anaongea. Haziliwi na mchwa wala hazijipindi kwa jua, na kwenye nyumba za Kirumba au Kawekamo ambako gari linaishia chini na vitu vyote vinapanda kwa miguu katikati ya mawe, wepesi huo ni hela. Pembeni mwa chumba unafunga engo kuzunguka ukuta wote, juu unaning'iniza chaneli kubwa kutoka kwenye kenchi, chini yake unakatiza chaneli ndogo kila baada ya sentimita 40, basi mifupa imekamilika. Unakuja na bodi, unazifunga kwa skrubu, unabandika utepe kwenye maungio, unapiga skimu, unasugua, unapaka rangi.

Jamaa alijifunza mbao kwanza, kwa mzee mmoja seremala wa Nyakato aliyemchukua akiwa hana mbele wala nyuma. Vyuma alijifunzia kwingine, kwa mafundi waliokuja kupiga kazi za maofisi mjini, na nyingine akaokota YouTube. Siku alipomwonyesha mzee wake chaneli, mzee aliiminya kwa vidole viwili, ikabonyea.

"Hivi vyuma vyako, mwanangu, mbuzi akivikanyaga vinakuwa kijiko."

Kijana akacheka. Alimwona mzee amepitwa na wakati. Mzee naye alimwona kijana ana haraka. Ukweli ni kwamba wote wawili walikuwa na hoja. Chaneli moja moja kweli ni laini, ugumu wake unapatikana zikishafungwa pamoja kwa nafasi sahihi. Ukizitawanya, ni makopo.

* * *

Mwenye ile nyumba ya Buswelu ni mama mmoja mwalimu wa shule ya msingi, anafundisha hesabu. Mumewe yuko migodini Geita, anarudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Mama alichukua mkopo wa watumishi benki, ule wa kukatwa kwenye mshahara miaka na miaka, amalizie nyumba. Akaita mafundi watatu. Wa kwanza akasema milioni 5 na laki 2, vifaa na ufundi. Wa pili akasema milioni 4 na laki 9. Jamaa akaja wa tatu, kavaa kapelo na kiatu cheupe, kafungua simu, kaonyesha picha. Akasema milioni 3 na laki 8, taa ndani.

Mama mwalimu akamwangalia. "Mwanangu, hiyo bei haitanirudisha hapa hapa baada ya mwaka?"

"Mama, ondoa shaka kabisa."

Ikumbukwe kwamba hakuwa na nia ya kumuibia mtu. Bei aliitaja kwanza, ndio hesabu ikafuata, na hilo ndilo kosa la vijana wengi wa ufundi hapa mjini. Usiku akakaa na kikokotoo cha simu. Akifunga kila sentimita 40, akanunua chaneli nzito, akanunua skrubu za kutosha, faida yake kwa kazi ya wiki tatu, saidia fundi akishalipwa, ni laki 2 na elfu 10. Akifunga kila sentimita 80, akachukua geji nyepesi, vyuma vya kuning'iniza akaviweka kila mita 2 badala ya mita 1, na huko juu akapigilia misumari badala ya skrubu, faida inapanda mpaka laki 6.

Na alikuwa na sababu ya kuzihitaji. Kuna binti mmoja wa Pasiansi, anasuka na kubandika kucha, fremu yake ndogo lakini foleni ya Jumamosi inafika barabarani. Walikuwa pamoja mwaka wa tatu. Barua ilishapelekwa kwao Magu, ikajibiwa: ng'ombe 8, watatu waje kwa miguu yao, watano kwa pesa. Tarehe ilikuwa 28 Desemba. Jamaa alikuwa anaweka kidogo kidogo kwenye laini ambayo hakumwambia mtu namba ya siri, hata mrembo mwenyewe.

Kwa hiyo zikawa sentimita 80. Wala haikuwa mara ya kwanza, kabla ya hapo alishafunga nyumba tatu kwa staili hiyo hiyo na zote zilikuwa zimesimama. Hicho ndicho kilichompa usingizi.

Jipsamu ina sifa mbaya ya kusamehe kwa muda. Ukikosea tofali, nyumba inakwambia mapema. Ukikosea mifupa ya dari, siku ya kwanza inapendeza, mwezi wa kwanza inapendeza, unapiga video, watu wanalike. Uzito unafanya kazi yake pole pole. Bodi moja ya kawaida ya dari, mita 2.4 kwa 1.2, ina kilo 20 hivi. Chumba cha mtoto kwenye ile nyumba kilikuwa mita 4 kwa 3.6, yaani bodi 5. Hizo ni kilo 100 kabla hujapaka skimu wala kufunga taa. Mifuko miwili ya saruji, imening'inia juu ya kitanda cha mtoto wa miaka minne. Kwa nafasi ya sentimita 40, chaneli 9 zingeubeba uzito huo. Zilikuwepo 4.

Mwanzoni mwa Novemba mama mwalimu alimtumia picha WhatsApp. Mstari mwembamba kwenye dari ya chumba cha mtoto, na ukitazama kwa pembeni unaona pameshuka kidogo, kama tumbo la mtu aliyeshiba. Akauliza, "Fundi, hii ni nini?"

Akajibu ndani ya dakika moja: "Kawaida mama, skimu inakauka tu. Itatulia."

* * *

Vuli ya 2023 watu hawajaisahau, ndio ile ya El Niño. Tarehe 12 Desemba, Jumanne, upepo ulitoka ziwani mapema, saa mbili usiku mvua ikamwagika ile ya kupiga bati mpaka unadhani inarusha kokoto. Umeme ukakatika. Kwa mama mwalimu bati moja la juu mgongoni likaachia upande mmoja, likawa linapiga pa, pa, pa, na kila likinyanyuka maji yanaingia.

Maji yakikaa juu ya jipsamu hayapiti haraka. Bodi inayanywa, inakuwa nzito na laini kwa wakati mmoja. Kenchi nazo zilikuwa zinatikisika na upepo, na misumari iliyopigwa kutoka chini kwenda juu, kwenye tumbo la mbao, haina kinachoishikilia zaidi ya msuguano. Inavutwa kuelekea kule kule ilikotokea.

Saa tatu kasoro dari ya chumba cha mtoto ilishuka yote kwa pamoja. Haikumwagika vipande vipande, ilikuja kama mlango unaofungwa.

Mtoto hakuwepo kitandani. Radi ilimtisha nusu saa kabla, akakimbilia chumbani kwa mama yake, na mama kwa kuchoka akamwacha alale huko. Ni hivyo tu, hakuna maelezo mengine.

Jamaa aliiona picha asubuhi saa kumi na moja na nusu. Hakukuwa na maneno. Kitanda kidogo cha chuma chenye shuka la katuni, juu yake bodi zimekunjamana, chaneli zimepinda kama vijiko kweli, na vumbi jeupe kila mahali. Akaiangalia mpaka skrini ikazima yenyewe. Halafu akazima simu.

Siku nzima ikapita simu imezimwa, na ya pili ikafika mchana. Watu wanaomjua wanasema alikuwa anaosha pikipiki, anaiosha tena. Alikuwa na njia rahisi na aliijua: kublock namba, kuhamia Geita au Kahama ambako nyumba zinajengwa kila siku, na kufungua akaunti nyingine. Mafundi wa hivyo wapo, na pengine unamfahamu mmoja ambaye bado ana advansi yako.

Kilichomtoa ni kwamba mrembo alihitaji kutuma pesa kwa simu yake, akaiwasha, picha ikajaa kwenye kioo.

"Hiki kitanda cha nani?"

Akamweleza. Yote, na sentimita zake. Binti akasikiliza huku anakusanya vichupa vya rangi ya kucha kwenye kikapu, kimoja kimoja, alipomaliza akauliza, "Mtoto je?" Akaambiwa mzima. Akabeba kikapu chake akaondoka bila kufunga mlango.

* * *

Buswelu alifika jioni ya siku hiyo ya pili. Alitegemea matusi, au mwenyekiti wa mtaa, au mume wa mama kaja na wenzake. Akamkuta mama mwalimu peke yake barazani, anasahihisha daftari ingawa shule zilikuwa zimefungwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ingia uone."

Akaingia. Kitanda kilikuwa kimetolewa. Akatazama juu, kwenye kenchi, akaona matundu ya misumari yako safi kabisa, mbao haijachanika hata kidogo. Kwenye chaneli zilizolala sakafuni misumari ilikuwa bado imo, imenyooka kama siku alipoitoa dukani. Kama haikuwahi kupigwa.

Mama akamsogezea daftari na kalamu. Akachora mstari katikati ya ukurasa. "Huku niandikie inavyotakiwa. Huku niandikie ulivyofanya."

Akaandika. Kushoto: chaneli 9. Kulia: 4. Kushoto: kuning'iniza kila mita 1. Kulia: mita 2. Kushoto: skrubu, ubavuni mwa kenchi. Kulia: misumari, chini. Kushoto: chaneli nzito. Kulia: nyepesi. Mkono ulikuwa unatetemeka na mwandiko ukawa kama wa darasa la pili. Mama akasoma bila kusema kitu. Hakuweka vema wala mkasi.

"Vyumba vingine?"

"Vyote, mama. Na sebule."

"Nilikuuliza," mama akasema. "Siku ya kwanza nilikuuliza. Na nilipokutumia picha nilikuuliza tena."

Halafu akapangusa vumbi jeupe kwenye meza kwa kiganja, akalitazama. Jipsamu na chaki ni ndugu wa damu. Jiwe lile lile linalochimbwa Makanya wilayani Same na Itigi mkoani Singida ndilo linalotengenezewa chaki, hata hizi za kiwanda cha Maswa hapo Simiyu. Huyu mama ameishika jipsamu kwa vidole kila siku ya kazi kwa miaka 18, na vumbi lake analivuta kila anapofuta ubao.

Hakumposti. Hili watu wa mtandaoni wanalishangaa mpaka leo. Ile video ilikuwa bado inatembea, ingetosha aandike sentensi moja chini yake na aweke picha ya kitanda, na kijana angekuwa amekwisha. Alipoulizwa na jirani yake kwa nini hakufanya hivyo, alijibu kwamba akimuua hakuna wa kumrudishia dari.

* * *

Hesabu ya kuifungua nyumba nzima na kuifunga upya ilikuja milioni 2 na laki moja, kwa sababu bodi iliyopigwa skimu haitoki nzima, nusu zinavunjika wakati wa kuzishusha. Kwenye ile laini ya siri kulikuwa na milioni 2 na laki 4.

Mrembo alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akapiga yeye. Wengi wakisimulia hiki kisa wanamfanya malaika, kwamba alisema pesa si kitu, nenda karekebishe mpenzi wangu. Hakusema hivyo. Alisema: "Kwa hiyo mimi ndio nilipe dari ya mtu?" Akalia. Akasema ameshawaambia wateja wake wote tarehe, ameshashona, mama yake ameshakodi sufuria. Halafu akauliza nyumba zipo ngapi za namna hiyo.

"Nne."

"Kuna watoto?"

"Mbili wapo."

Kimya kirefu. Mwishoni akampa sharti moja tu, kwamba habari ya tarehe kuahirishwa yeye hatampelekea mjomba. "Utaenda mwenyewe Magu, utakaa chini, utamwambia kwa mdomo wako ulichofanya."

Akaenda. Mjomba ni mtu wa ng'ombe, hajawahi kuishi chini ya dari na hakuona inasaidia nini. Ilibidi aelezwe mara mbili kwamba kitu kilichoanguka ni cha urembo. Alipoelewa kwamba kilikuwa juu ya mtoto akaacha kucheka. Akasema ng'ombe wasubiri mpaka mwezi wa saba, baada ya mavuno, na kwa usumbufu waongezewe mbuzi mmoja. Mbuzi huyo alitajwa kwa sauti mbele ya wazee ili asije akasahaulika.

Kazi ilianza tarehe 20 Desemba. Saidia fundi alikataa kufanya bila posho, kwa hiyo jamaa akamfuata mzee wake Nyakato. Alitarajia asikie ile habari ya mbuzi na kijiko. Mzee aliuliza tu misumari ilipigwa wapi, alipojibiwa akasema, "Msumari hupigwa ubavuni, mwanangu. Hilo nilikufundisha kwenye mbao. Chuma hakikubadilisha hilo."

Na ni kweli hakikubadilisha. Kitu kinachoning'inia kikifungwa ubavuni mwa kenchi, uzito unakatiza skrubu kwa upana wake. Kikifungwa chini, uzito unaichomoa. Mzee akaongeza vipande vya mbao kavu kati ya kenchi na kenchi ili kila baada ya mita moja kuwe na mahali pa kushika. Pima maji hakuitaka, alitumia mpira mwembamba uliojazwa maji, ule wa kizamani, akatembea nao kona hadi kona anaweka alama za penseli. Mstari ukatoka sawa kuliko wa simu.

Kuhusu kununua, mzee alimpeleka dukani na kumwambia muuzaji alete bando mbili za chaneli, za bei ya juu na za bei ya chini. Kwa macho ni pacha. Akamwambia kijana abebe moja kila mkono. Ndio mara ya kwanza jamaa alizipima hivyo, miaka yote alikuwa ananunua kwa kuuliza bei. Unayejenga unaweza kufanya hivyo hivyo, na ukumbuke geji ya chaneli ni kama geji ya bati: namba ikiwa ndogo, chuma ni kinene. Ukiambiwa 28 na 32 ni kitu kile kile, badilisha duka.

Krismasi waliila pale pale, mama mwalimu aliwapikia wali na sato, wakakaa kwenye ndoo za rangi. Mumewe alikuwa amerudi. Huyo hakumsalimia kijana siku tatu nzima. Siku ya nne alipanda ngazi mwenyewe, akahesabu chaneli za chumba cha mtoto kwa kidole. Tisa. Akashuka, akaenda kuongeza misumari ya bati kule juu bila kuambiwa, kwa sababu lile bati lililoachia halikuwa kazi ya fundi wa dari, lilikuwa kazi ya mtu wa kupaua ambaye yeye mwenyewe alimleta kwa bei nafuu. Hapo ndipo walipoanza kuongea.

Wakamaliza Januari, siku mbili kabla shule hazijafunguliwa. Safari hii hakukuwa na taa za zambarau. Mtoto alidai za bluu, akapewa moja.

* * *

Zilibaki zile nyumba tatu ambazo hazikuanguka, na kwa kweli huu ndio mtihani uliokuwa mgumu zaidi. Za mama mwalimu zilijulikana. Hizi hakuna aliyejua zaidi yake na mrembo.

Ya Nyasaka, mwenye nyumba alimsikiliza, akapanda kuchungulia kwenye tundu la juu, wakakubaliana kila mmoja atoe nusu. Ilikwisha Machi. Ya Kiseke, mwenye nyumba alimfukuza. Alisema mafundi mna mbinu mpya, mmekosa kazi sasa mnatisha watu na dari zao, dari yangu ina mwaka na haina hata ufa. Jamaa akarudi mara ya pili na lile daftari la mama mwalimu, lenye pande mbili. Akafungiwa geti. Ya tatu iko Igombe, mwenyewe anaishi Dar na ameshapangisha. Kwenye simu alisema, "Tutaangalia." Jamaa alimwandikia mpangaji karatasi, kwamba kitanda kisikae katikati ya chumba cha pili, na mvua kubwa ikinyesha wasilale humo. Mpangaji aliipokea, akaiweka juu ya friji. Hizo nyumba mbili bado ziko vile vile. Masika ya 2024, upepo ukianza tu kutoka ziwani, yeye alikuwa anakaa macho.

Ng'ombe walipelekwa Julai, na mbuzi.

Ile video ya Agosti hakuifuta. Mrembo alimwambia aiache, atakayeuliza ajibiwe. Sasa hivi kwenye kila kazi anapiga picha mbili: moja siku ya kumaliza, nyingine siku ambayo mifupa imekamilika na bodi hazijapanda, na futi ya kupimia imewekwa kati ya chaneli na chaneli ili namba isomeke. Ya pili anamtumia mwenye nyumba kabla ya kuendelea. Akiposti za namna hiyo zinatazamwa na watu 200, wengi wao mafundi wenzake.

Juzi alikuwa na kazi Sangabuye, sebule kubwa, siku nne za kufunga chaneli tu. Akapiga picha, futi inaonekana, 40, safi, akamtumia mteja ambaye yuko Dodoma kikazi. Jibu lilirudi baada ya saa moja.

"Fundi, siku nne zote hizi mbona bado hujaanza?"